Wajane wa Tharsisi

Mume wetu alizaliwa na kufa siku moja, kwenye foleni ya kuandikishwa, kabla ya saa sita mchana. Ilikuwa mwezi wa kumi mwaka 2012. Mimi, Esperance, na Immaculée tulikuwa tumeshushwa kambini Nyarugusu juzi yake, kwa lori kutoka Kigoma, kila mmoja na mfuko wake na kandambili za kuazima. Mbele yetu walisimama wasichana wawili wa Uvira waliokimbia vita pamoja. Karani akawauliza wana undugu gani. Wakasema wao ni marafiki. Mmoja akaandikiwa zoni ya kwanza, mwingine zoni ya saba, na kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa saa nzima kwa miguu.

Sisi hatukuwa marafiki. Kule Baraka, Kongo, tuliishi miaka minne katika chumba kimoja, Immaculée na cherehani yake, mimi na meza yangu ya samaki. Watu walituita wapangaji, mpaka siku kaka zangu walipoingia bila kubisha hodi. Yaliyofuata sitayaeleza. Jino langu la mbele halipo, na hilo linatosha. Tulikimbia nyumbani kwanza, vita vikatukuta njiani. Karani angetaka kusikia habari za vita tu, nami hizo nilikuwa nazo za kutosha.

Ndugu hatukuweza kuwa, maana kadi zetu za kupigia kura zilikuwa na majina ya baba wawili tofauti. Ikabidi nifikiri haraka. Katika nyumba yetu kufikiri haraka ni kazi yangu. Immaculée hufikiri polepole na kwa usahihi, na kwa kawaida humaliza wakati mimi nimeshaharibu.

"Sisi ni wake wenza," nikasema. "Bwana yetu amekufa."

"Jina la marehemu?"

"Tharsisi."

Lilikuwa jina la mwalimu wangu wa hesabu wa darasa la nne, mtu aliyependa fimbo, kwa hiyo sikuona uchungu wowote kumuua. Karani, kijana Muha wa Kasulu, akaandika. Kisha akatutazama, akacheka. "Wake wenza walioshikana mikono! Hii leo ndiyo naiona mara ya kwanza." Immaculée akauchomoa mkono wake kutoka mkononi mwangu.

Tukapewa kadi moja ya chakula, turubai moja na kiwanja kimoja zoni ya tano. Mimi nilitaka kuruka kwa furaha. Immaculée alikaa juu ya mfuko wake mpaka tulipobaki peke yetu.

"Umetupatia bwana," akasema.

"Bwana mufu."

"Mufu ni mubaya zaidi. Muzima anaweza kukuacha."

Nilicheka sana. Yeye hakucheka, na kama kawaida yake alikuwa sahihi.

Jirani wa kwanza aliyekuja kutusalimia aliuliza mke mkubwa ni nani. Hatukuwa tumepanga. Mimi nikamwonyesha Immaculée, yeye akanionyesha mimi, wote kwa pamoja. Jirani akaona ile ni heshima kubwa ajabu, akaenda kuisimulia bombani. Mwishowe Immaculée akawa mke mkubwa kwa sababu ya urefu wake. Tulijenga nyumba ya matofali ya udongo, chumba kimoja na sebule, tukaweka vitanda viwili. Kimoja kilikuwa cha kulalia na kingine cha wageni kukiona. Kila asubuhi nilikivuruga kile cha pili, nikakitandika upya mlango ukiwa wazi.

Sifa zetu zikaenea. Wake wenza wasiogombana! Wanawake wakaanza kuja na kesi zao, huyu kanyimwa unga na mwenzake, yule kamwagiwa maji ya vyombo. Immaculée aliwasikiliza akishona, akawapa maneno ya kutuliza. Mimi nikiulizwa siri yetu ni nini nilijibu kwamba siri ni kufiwa na bwana mapema, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hata Kasulu mjini, nilipokwenda kwa kibali kununua vitambaa, Asmahani mwenye duka alinivuta nyuma ya marobota. Mumewe Hilali alikuwa ameoa mke wa pili kutoka Ujiji. "Mama Esperance, hebu niambie ukweli," akanishika mkono. "Unawezaje kula naye sahani moja na roho isikuume?" Nikamwambia inakuja polepole. Nilijisikia mwizi barabara yote ya kurudi.

Hivi ndivyo tulivyoishi. Ndani ya kuta zile nne tulikuwa watu, lakini kuta zile zilishikiliwa na maiti, na maiti alitaka kulishwa. Wakauliza alikuwa na sura gani, nikampa sura. Wakauliza alikufaje, nikamuua tena, mara hii kwa risasi. Mwaka wa pili wachumba wakaanza kubisha hodi, mmoja akimtaka Immaculée, mwingine akinitaka mimi, wanaume wa zoni mbili tofauti. Kila tulipokataa ilibidi nimwongezee marehemu sifa ili kukataa kwetu kueleweke. Tharsisi alianza kuwa mtu mpole, akawa mchapakazi, akaishia kuwa mwanamume aliyewachotea maji wake zake. Nilimchukia kuliko nilivyomchukia yule mwalimu.

Wachumba hao waliletwa na Leonidasi. Naomba mnielewe vizuri kuhusu Leonidasi, maana ningefurahi sana kama angekuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa letu, mjane wa miaka mingi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kiingereza alikijua tangu alipofanya kazi kambi za Kibondo enzi za Warundi wa kwanza, na hapa Nyarugusu alikuwa mkalimani wa ofisi. Immaculée alipougua malaria hadi kupoteza fahamu, ni Leonidasi aliyempakia kwenye baiskeli na kuisukuma hadi hospitali, mvua ikimnyeshea, akiimba tenzi ili mimi niliyekuwa nashika mgonjwa nisilie. Watu walimwamini kwa siri zao zote. Na siri zote zilipita kwake, maana hapakuwa na njia nyingine ya kumfikia Mzungu.

Mwaka 2014 habari ya kusafiri ikaja. Wakongo wa Nyarugusu waliokaa muda mrefu watapelekwa Amerika, wengi, familia kwa familia, na majina yatabandikwa ubaoni. Kambi ikashikwa na homa. Watu waliokuwa wanapanda maharage wakaacha kupalilia. Sisi hatukuwa wakaazi wa zamani, lakini wanawake wajane nao walitajwa, na mwezi wa kumi na moja majina yetu yakatokea ubaoni, moja chini ya lingine. Nilibusu ule ubao. Wino ulinibaki mdomoni.

Furaha hiyo ilidumu siku mbili. Siku ya tatu tukamkuta bombani mama mmoja aliyetoka kwenye usaili na mke mwenzake. Alikuwa analia. Kwa sheria ya kule, alituambia, mwanamume ana mke mmoja. Mume akifa, wake zake wawili ni watu baki, hawana uhusiano wowote wa kuandikwa. Kila mmoja faili lake, kila mmoja mji wake, kila mmoja tarehe yake. Kile kilichotuweka nyumba moja hapa ndicho kingetutenganisha kule.

Tulikuwa na njia moja tu, na tuliijua. Miezi kadhaa nyuma, kwenye kituo cha wanawake, mama mmoja wa Kizungu alikuja kutufundisha haki zetu. Katikati ya maneno mengine alisema kwamba watu wanaopendana mwanamke na mwanamke, au mwanamume na mwanamume, wanaweza kumweleza afisa wa usaili, na afisa atatunza siri, na wawili hao wataandikwa pamoja. Mkalimani wa siku ile, dada wa watu, alitafsiri akiangalia sakafu. Wanawake walicheka, mmoja akatema mate, mwingine akasema basi Amerika kumekwisha kuoza. Mimi na Immaculée tulicheka pamoja nao, tena kwa sauti.

"Tuseme," Immaculée akaniambia siku ile ya bombani, ndoo kichwani.

"Mukalimani ni Papa Leonidasi."

"Ameapa. Wote wanaapa kuficha siri."

"Na asipoificha?"

"Basi tutakuwa tumesema," akasema. Tukakubaliana mimi niingie kwanza. Nikishindwa kusema, na yeye asiseme. Nikisema, na yeye aseme hivyo hivyo, ili maneno yetu yalingane.

Chumba cha usaili kilikuwa cha mbao na mabati, meza moja, viti vitatu, dirisha lenye wavu bila kioo. Nje chini ya dirisha ndipo lilipokuwa benchi la wanaosubiri. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi na macho ya kuchoka, akichapa kila kitu kwenye kompyuta. Leonidasi aliinua mkono akaapa mbele yangu kwamba atatafsiri yote na hatatoa siri ya mtu. Kisha Tharsisi akaletwa mezani. Alizaliwa lini, mahari yake ilikuwa nini, alikufa wapi. Nilijibu yote. Afisa akaeleza kwa upole jambo la mafaili mawili. Leonidasi akalitafsiri kwa upole uleule.

Nikavuta pumzi. Nilisogeza kiti ili niwe karibu, watu wa benchi wasinisikie.

"Papa, mwambie hivi. Tharsisi hakukuwa. Mwambie mimi na Immaculée tunapendana kama bwana na bibi, na kaka zangu walitaka kutuua juu ya ile. Mwambie kama vile nimesema, usipunguze."

Leonidasi akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya tai yake, akaivaa, akaivua tena.

"Mama Esperance, unajua unasema nini?"

"Tafsiri, Papa."

Akatafsiri. Alizungumza muda mrefu, na nilishangaa kwamba maneno yangu machache yalikuwa marefu hivyo kwa Kiingereza. Uso wa afisa ukalegea, akanitazama kwa huruma ya kweli, akachapa, akasema kitu. "Anasema amekuelewa," Leonidasi akaniambia. "Anakupa pole sana." Machozi yakanitoka pale pale. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyekuwa amenipa pole kwa jambo lile.

Nilipotoka Immaculée alisimama kutoka kwenye benchi. "Nimesema," nikamnong'oneza. Akafumba macho, akaingia. Alikaa nusu saa. Alipotoka uso wake ulikuwa umetulia, na tukarudi nyumbani tukiwa tumeachana hatua moja, kama wake wenza wanavyotakiwa kutembea.

Miezi minne tulingoja, na kwangu ilikuwa miezi bora ya kambi. Niliendelea kuvuruga kitanda cha pili kila asubuhi, lakini sasa nilifanya hivyo nikiimba. Leonidasi hakubadilika. Kanisani alitupa mkono kama siku zote, akatuuliza hali ya cherehani, wala hakuna jicho lolote la ajabu lililotoka kwa mtu yeyote. Nikasema moyoni, huyu ndiye mtu. Nikampelekea mkungu wa ndizi kutoka soko la Makere, naye akaupokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

Mwezi wa tatu mwaka 2015 majibu yakabandikwa. Immaculée alikuwa amekubaliwa na anasafiri kwenda mji mmoja wa baridi ambao jina lake hatukuweza kulitamka. Karibu na namba yangu waliandika kwamba faili linasubiri. Nilisoma mara tano. Nilimuuliza mtu aliyesimama karibu, naye akasoma vilevile.

Nilimkuta Leonidasi nyuma ya nyumba yake, anapalilia maharage. Aliponiona alikita jembe ardhini, akanifuata hadi penye jiwe la kukalia. Alikuwa akinitarajia.

"Ulimwambia nini yule mama?" nikamuuliza.

Hakuzunguka. "Nilimwambia umemulilia bwana yako sana. Nilimwambia unamupenda mwenzako kama dada wa tumbo moja, na hata mukitenganishwa utaheshimu sheria."

"Na Immaculée?"

"Vilevile."

"Papa, uliapa!"

"Niliapa. Mungu ataniuliza, na nitamujibu." Akaifuta miwani kwa vidole vyenye udongo, akaichafua zaidi. "Lakini wewe ulitaka ile neno ipite katika kinywa yangu. Dirisha iko wazi, watu wako kwa benchi. Karatasi zinapita mikono kumi kule ofisini. Walimufanyia nini yule kijana wa zoni ya pili, umesahau? Walichoma nyumba yake, na ilikuwa masengenyo tu. Mimi nimewasitiri, dada. Hakuna anayejua, hata pasta. Nitakufa nayo."

Nilimtazama. Alikuwa anasubiri, na nilielewa anachosubiri. Alikuwa amebeba dhambi ya kiapo kwa ajili yetu, na alistahili neno. Tena maneno yetu sasa yalikuwa kwake, yote, na hapakuwa na mahali pengine yalipoandikwa.

"Aksanti, Papa," nikasema.

Sijawahi kutoa asante chungu kama ile. Akanishika bega, akasema mwenzangu akishaondoka mambo yatakwisha yenyewe, na Mungu atanipa mume mwema. Kisha akarudi kwenye maharage yake.

Nilipiga hesabu zote njiani. Nikienda ofisini kudai kwamba hatukutafsiriwa, dirishani nitamkuta mkalimani, na wakalimani wote ni watu wa kambi. Nikibadilisha maelezo, kwenye kompyuta yao kuna mjane aliyemlilia Tharsisi, na anayebadilisha maelezo hufungiwa faili kama mwongo. Na mimi ni mwongo, hilo ndilo baya zaidi. Immaculée akikataa safari, kambi nzima itauliza ni mwanamke gani anakataa Amerika kwa ajili ya mke mwenzake, na watu wakiuliza swali hilo vizuri hawatachukua siku mbili kupata jibu. Niligeuza jambo hili kila upande na kila upande nilikuta ukuta.

Nilimweleza Immaculée akiwa kwenye cherehani. Aliendelea kukanyaga mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi.

"Siendi," akasema.

Hapo tukagombana. Kwa mara ya kwanza tangu tufike tulipayukiana kweli, mimi nikimwambia aende, awe mtu huru hata kama ni mmoja, yeye akirudia siendi, siendi. Nilivunja sahani. Majirani walitoka nje kusikiliza na nadhani walifurahi, maana mwishowe wake wenza walikuwa wanagombana kama watu wengine. Mama mmoja alikuja kutusuluhisha kwa maneno yetu wenyewe, yale tuliyomfundisha.

"Nikifika kule nitakuwa mujane wa nani?" Immaculée aliniuliza mama yule alipoondoka.

"Utakuwa muzima. Halafu utanitafuta."

"Kwa karatasi gani?"

Nilimshinda kwa kulia. Ni silaha chafu, naikiri. Alikubali ili ninyamaze.

Mwezi wa tano Warundi wakaanza kumiminika, maelfu kwa maelfu, mabasi na malori yakiwashusha usiku na mchana. Kanisa letu lilijaa watu waliolala sakafuni, watoto wanahara, maji yakawa vita. Ofisi zikafanya haraka kuwatoa wa kuondoka ili wa kuingia wapate nafasi. Immaculée akaitwa darasa la siku tatu la wasafiri. Walifundishwa kuwasha jiko la umeme, kufunga mkanda wa ndege, kupiga simu ya hatari, na maneno ya Kiingereza ya kujieleza uwanjani. Alirudi jioni akayarudia, akizunguka nyumba yetu na kunyoosha kidole, polepole, kwa usahihi wake ule. Dis izi mai begi. Dis izi mai pasipoti. Dis izi mai shuzi. Aligusa sufuria, akagusa cherehani. Nilikaa mlangoni nikichambua mchele. Kila alichokigusa kilikuwa chake peke yake, na niliinamisha uso kwenye ungo asinione.

Jumatatu kabla ya safari tuliitwa wote wawili. Kadi ya chakula ilikuwa moja na ilibidi ikatwe, na kila mmoja alitakiwa kusaini kwamba anakubali kuondolewa katika familia ya mwenzake. Chumba kilikuwa kilekile, afisa yuleyule mwenye nywele fupi. Leonidasi alikuwa amevaa shati jipya na alinitazama kama baba anayempeleka mwanawe shule. Nje benchi lilijaa, wanakwaya wetu watatu na Warundi wengi wageni, na tulisikia kila kikohozi chao kupitia wavu.

Afisa akasoma karatasi. Leonidasi akatafsiri, na mara hii nadhani alitafsiri kila neno. Mimi Esperance nakubali kwamba kuanzia tarehe hiyo Immaculée si mtu wa kaya yangu. Akanisogezea kalamu.

Nilikuwa nimeamua. Usiku wote nilikuwa nimejiambia, aende, apone mmoja wetu, mimi nitabaki na kitanda cha wageni. Nilimpenda kiasi hicho na nilitaka ajue. Nikashika kalamu, nikaandika herufi nne za kwanza za jina langu. Mkono wa Immaculée ukaja ukafunika karatasi, na mkono wangu, na kalamu.

Akamtazama afisa usoni, hakumtazama Leonidasi. Akaninyooshea kidole cha mkono wa pili.

"Dis izi mai waifu," akasema.

Afisa akaacha kuchapa. Leonidasi hakumgeukia. Aliinama kwa Immaculée, akazungumza Kiswahili chetu kwa sauti ya chini kabisa, na sauti hiyo ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Mama Immaculée, umechanganya neno. Sema umechanganya. Ningali naweza kutengeneza."

Nilimwonea huruma, Mungu ndiye ajuaye kwa nini.

"Sikuchanganya, Papa." Immaculée hakupunguza sauti. Miaka saba nimeishi na mwanamke huyu na sijawahi kumsikia akifukuza hata kuku kwa nguvu. "Nimesema huyu ni muke yangu. Tharsisi hakukuwa. Hakukuwa hata siku moja. Tafsiri."

Chini ya dirisha benchi zima likanyamaza.

Afisa akamgeukia Leonidasi, akamuuliza kitu, akangoja. Leonidasi alikuwa anaangalia dirisha. Mimi nikaiweka kalamu chini.